Wageni Wanaokula Mboga Tu

Sehemu ya Sita

Alikuwa kuku.

Wewe uliyeshinda wiki nzima ukibishana na jirani kuhusu alichokiona Theodora alipofunua sufuria jikoni kwa mama yake mdogo, ubishi umekwisha. Hakuwa nyoka. Wala hazikuwa zile funguo za baiskeli zilizopotea Ikungi siku ya gulio. Alikuwa kuku, tena si mmoja. Paja lilielea juu ya mchuzi wa manjano, kando ya paja palikuwa na shingo, na chini ya shingo mapaja mengine ambayo Theodora hakuwa na moyo wa kuyahesabu.

Alikirudisha kifuniko, akakifunua tena, kama mtu anayedhani kitu kikifunikwa kidogo kitabadilika. Kuku walikuwa wale wale.

"Mama mdogo," alisema taratibu, "hii ni nini?"

Yunisi alikuwa amechuchumaa, anachekecha unga wa uwele. Hakuinua hata kichwa.

"Mboga."

"Mboga?"

"Mboga, mwanangu. Si ulisema wageni wako wanakula mboga tu? Sikufichi, nilishangaa. Nikajiuliza ni watu gani hawa wasiogusa ugali. Lakini nikasema si kazi yangu kuuliza, nikachinja kuku sita ili mboga isipungue. Wa saba alinikimbia. Huyo pale."

Akaelekeza kidevu nje. Chini ya kihenge, mtetea mmoja mwekundu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anawatazama kwa jicho la mtu aliyeponea chupuchupu.

Kwa aliyeturukia leo njiani, tuseme kwa kifupi. Theodora ni mtoto wa Ikungi aliyekaa Arusha miaka tisa akiwapikia na kuwaongoza watalii wa kampuni za watu. Mwaka huu amerudi nyumbani kufungua ya kwake, Tembea Singida, yeye na Bhargav wa duka la baiskeli la Singida Mjini. Wanawapeleka wageni kwa baiskeli kandokando ya ziwa Singidani, wanawapandisha miamba, wanawalaza vijijini. Na kuna jambo moja linalowachekesha majirani mpaka leo: chakula cha safari nzima hakina kitu kilichotoka kwa mnyama. Hayo yote katika mkoa ambao msafiri akishuka kwenye basi anaonyeshwa kuku kabla hajanyoosha miguu.

Kundi hili la wageni wanane limeletwa na Catherine wa Nairobi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole wa maneno, ambaye ana miaka kumi na mmoja hajatia nyama mdomoni na ambaye huandika kila kitu kwenye kidaftari chake. Akiridhika, ataleta kundi kila mwezi. Asiporidhika, Theodora anarudi Arusha. Hilo ameshalikubali moyoni, ila mama yake pale Mandewa, Singida Mjini, amemsafishia chumba na kukitundikia pazia jipya, na kila Theodora akilikumbuka lile pazia hutamani kubaki.

Sasa, huo ujumbe ulioleta balaa aliuandika Catherine mwenyewe kutoka Nairobi: wageni wangu wanakula mboga tu. Kwa Catherine, mboga ni sukuma wiki, ni kabichi, ni mchicha. Theodora aliuchukua ulivyo, akampigia mama yake mdogo simu, akausoma neno kwa neno. Lakini huku kwetu, na wewe msomaji usijifanye hujui, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Samaki ni mboga. Nyama ni mboga. Mtoto akirudi shule akauliza leo mboga nini, akiambiwa maharage hununa, akiambiwa kuku hunawa mikono bila kusukumwa. Mtu anayekula mboga tu, bila ugali, huyo ni tajiri aliyepita kiasi.

Theodora alilijua hilo tangu anaota meno. Miaka tisa ya Arusha ilikuwa imemsahaulisha.

Alitoka nje ya jiko na kumpigia Bhargav. Wageni walikuwa wamesimama kisimani kujaza maji, kilomita mbili tu kutoka pale, na Bhargav alikuwa nyuma yao na pikapu ya mizigo. Theodora alimweleza yote kwa pumzi moja. Upande wa pili kukawa na sauti isiyoeleweka.

"Usicheke."

"Sicheki. Nakohoa."

"Nahitaji saa nzima, Bhargav. Wapandishe lile jiwe la nyuma ya shule."

Kikohozi kilikoma ghafla. Bhargav na Theodora walisoma darasa moja, na nyumbani kwa akina Bhargav ndiko Theodora, akiwa msichana wa sare, alipokula chakula cha mchana cha mama Deepa akashiba, akanawa, akafika kwao ndipo akagundua hakikuwa na nyama. Kampuni yao ilizaliwa siku ile ingawa hawakujua. Kwa hiyo Theodora alimjua Bhargav vizuri, na alijua kwamba mwenzake huyu hapandi hata ngazi ya kufikia matairi ya rafu ya juu dukani kwao.

Alimwambia abaki chini, wageni wapande peke yao. Bhargav akajibu kwa sauti ya huzuni kwamba haiwezekani. Asubuhi ile Catherine alikuwa ametamka mbele ya wote kwamba kundi lake halipandi mahali ambapo kiongozi hapandi, na kiongozi mwingine hakuwepo.

"Basi panda."

"Ukisikia nimekufa, mwambie mama nilikuwa nimevaa kofia ya baiskeli," alisema, akakata simu.

Theodora alirudi jikoni akidhani kazi ngumu imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Yunisi alikuwa amesimama. Ni mwanamke mrefu, mjane, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kijiji, na akisimama namna ile watu huanza kutafuta pa kukaa.

"Nimekusikia nje. Unataka niwape mlenda."

"Ndiyo, mama mdogo. Mlenda, kunde, maboga. Na ugali huo huo wa uwele, wanaula."

"Wageni waliotoka Nairobi."

"Ndiyo."

"Theodora. Mlenda mkavu tunaula mlango ukiwa umefungwa. Mwaka ule mvua ilipokataa tuliula asubuhi, tukaula jioni, mpaka mama yako akawa akiuona analia. Leo kijiji kizima kinajua nina wageni. Niwatolee chakula cha njaa? Kesho nitapita wapi?"

Theodora alikuwa na miaka sita mwaka ule, na alikumbuka sufuria likikwanguliwa. Kwenye karatasi ya safari alikuwa ameuandika mlenda kwa maneno mazuri mazuri, chakula cha asili cha Singida, na hakuwahi kumuuliza mpishi mlenda huo unamkumbusha nini. Aliona aibu, aibu ya kweli, na akaona afadhali aiseme.

"Nimekosea mara mbili," alisema. "Nimekosea neno, na nimekosea kutokuuliza. Nikikuomba kwa ajili yao utakataa, na una haki. Nakuomba kwa ajili yangu. Wasipokula hapa leo, mimi sibaki Singida."

Yunisi akalitazama sufuria la kuku, na katika macho yake palikuwa na msiba wa aina yake.

"Hawali nini hasa? Niambie vizuri, maana Kiswahili chako cha Arusha kimeshaniulia kuku sita."

Theodora akamhesabia kwa vidole. Nyama hawali. Maziwa hawanywi. Mayai hawali. Hata asali hawaonji. Yunisi alitikisa kichwa kwa kila kidole, na walipofika kwenye asali akashika shavu.

"Hata asali. Maskini wa Mungu."

Akajifunga kanga kiunoni. Mjadala ukawa umekwisha.

Kwanza ilibidi kuku waondoke, maana harufu yao ilikuwa imefika barabarani. Wapelekwe wapi? Nyumba ya jirani ilikuwa ya mzee Zefania, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Yunisi na mkubwa wa ukoo wote pale. Wanawake wawili wakalibeba lile sufuria la shughuli, huyu mshikio huu, yule mshikio ule, wakivuka ua kama watu waliobeba kitu cha wizi.

Mzee Zefania alikuwa kitini, amenuna. Tangu asubuhi alikuwa akingoja mtu aje amwambie kuna wageni rasmi, na hakuna aliyekuja. Theodora alipiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mmenikumbuka."

Theodora akamwambia tunaomba utuhifadhie mboga hii kwa muda. Mzee akainuka, akafunua kifuniko, akachungulia, na uso wake ukafunguka wote. Akasema sasa ameelewa, kumbe walikuwa wanamfuata kwa heshima zake, na kwamba waende tu wakamalizie mambo yao, yeye anajua la kufanya.

Theodora alikuwa na haraka mno. Hakuuliza anajua kufanya nini.

Jikoni kazi ikawaka. Ukutani kwa Yunisi vilining'inia ungo, mwiko mrefu, na kibuyu kidogo cha samli kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Chini, penye kona, palikuwa na chungu cheusi ambacho hakijawahi kupikiwa kitu kingine isipokuwa mlenda tangu siku kiliponunuliwa, na Theodora alipokiona alitamani kukikumbatia. Maboga yakakatwa, majani ya kunde yakaoshwa. Karanga zikatwangwa na Theodora mwenyewe, na mchi ulimkumbusha kwamba mikono ya Arusha imelegea. Chupa ya mafuta ya alizeti akaiweka karibu na jiko kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kutoiona.

Dakika arobaini. Hamsini. Saa nzima ikapita na robo, na Bhargav hakuwa amepiga simu.

Wakati Theodora ameanza kumfikiria mama Deepa na kofia ya baiskeli, kengele zikalia barabarani. Alimwachia Yunisi mlenda aumalizie, akakimbia nje.

Wageni waliingia uani wakiwa wekundu kwa vumbi, meno nje kwa furaha. Walikuwa wameona bonde lote kutoka juu ya lile jiwe, mashamba ya alizeti yamejaa mpaka macho yanapochoka. Mwisho akaingia Bhargav, anatembea kwa kubana miguu. Suruali yake nyuma ilikuwa na mlango na madirisha.

"Nimefika juu," alimnong'oneza Theodora.

"Na kushuka?"

"Kushuka nimeshuka kwa kukaa."

Theodora akamfunga kitenge kiunoni bila kusema kitu, maana angesema kitu angecheka mpaka adondoke, na Catherine alikuwa anakuja moja kwa moja, kidaftari mkononi.

Mikeka ilikuwa imetandikwa kivulini mwa nyumba. Maji ya kunawa yakapita. Ukaja ugali wa uwele, zikaja na kunde na maboga, na mwisho kabisa, kimebebwa na Yunisi mwenyewe aliyekaza uso kama anayekwenda kusomewa hukumu, kikaja chungu cha mlenda.

Nje ya ua majirani walikuwa wamejaa. Habari ilikuwa imeshafika kwamba kwa Yunisi wageni wanalishwa mlenda, na kila mtu alitaka kuona watakavyokunja sura.

Catherine alimega tonge, akalibonyeza, akachovya, akainua. Mlenda ukamfuata. Akainua zaidi, ukamfuata zaidi. Mgeni aliyekaa naye alijaribu kuukata kwa kidole, sasa ukawaunganisha wote wawili, na majirani wakaangua kicheko. Theodora hakuweza kucheka. Alikuwa anautazama mdomo wa Catherine.

Catherine alitafuna. Akameza. Akamega tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Wageni wale walikula, ndugu zangu. Walikula kama watu waliopanda jiwe. Kunde zikaisha, maboga yakaisha, na mlenda ukagombaniwa na watu wazima wenye kazi zao. Yunisi alisimama penye nguzo akiwatazama, na uso wake ukalegea kidogo kidogo.

"Kumbe ugali wanakula," alimwambia Theodora pembeni. "Na huo mlenda wanaumaliza. Mimi huo nilikuwa nauonea haya."

Theodora alimshika mkono. Aliona sasa mambo yamekwisha salama, na pazia la Mandewa litapata mwenyewe.

Hapo ndipo mzee Zefania alipoingia.

Alikuwa amevaa koti. Si koti la kila siku, bali lile la harusi na misiba, na mikononi alibeba sahani iliyofunikwa kitambaa kilichodariziwa. Mzee akasimama mbele ya Catherine, akakohoa, akatoa hotuba. Alimkaribisha kwa niaba ya ukoo, akaeleza historia ya ukoo, akaeleza na historia ya mvua, akamshukuru kwa kutoka mbali na kuja. Kisha akasema kwamba mgeni mkubwa huwa na haki yake, na yeye hakuwa tayari haki hiyo ipotee nyumbani kwake. Akaondoa kitambaa.

Firigisi sita zilikuwa zimepangwa duara, zinang'aa.

Firigisi, msomaji, huyajui mambo yake wewe? Pale kijijini firigisi ni ya mkubwa wa mji. Mwanamke huipika, huitunza isiliwe na paka, huihesabu, lakini haionji. Mwanamume akimpa mgeni firigisi yake amempa kiti chake. Ukiikataa umeukataa mji, na huendi kulala hapo tena.

Bhargav alifumba macho. Wageni walitazamana. Catherine aliitazama sahani, akamtazama mzee, kisha akamgeukia Theodora, na macho yake yaliuliza swali lisilo na haja ya kutafsiriwa.

Theodora angeweza kudanganya. Uongo ulikuja wenyewe ulimini: aseme mzee ameleta nyama kutoka mbali, aseme sisi hatuhusiki. Mzee angepata aibu kidogo na Catherine asingejua. Lakini aliona mikono ya baba yake mkubwa ilivyoshika ile sahani, na akaona kwamba akianza kampuni yake kwa kumvua nguo mzee huyu mbele ya watu, basi afadhali Arusha.

"Dada Catherine," alisema, "kosa ni langu. Uliandika wanakula mboga. Kwetu hapa kuku ni mboga. Nililijua hilo na nikasahau, nikaagiza hivyo hivyo. Mama mdogo amechinja kuku sita kwa ajili yenu, nami nikawaficha kwa baba mkubwa. Ndiyo maana mmepandishwa jiwe."

Mgeni mmoja alirudisha tonge sahanini. Catherine hakuandika kitu.

"Kuku sita," alisema.

"Sita."

"Kwa sababu ya neno nililoandika mimi."

"Uliandika Kiswahili cha kwenu. Mimi ndiye mtoto wa hapa."

Theodora alimsikia mtetea yule wa saba akikwaruza mahali nyuma ya nyumba. Catherine aliuliza kuku hao wataliwa na nani, na mzee Zefania, aliyekuwa ameanza kuelewa kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, akajibu kwamba wataliwa na mji mzima, na wengine wameshaanza.

Catherine akaweka kidaftari chini. Akasimama, akapokea sahani kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Mzee, asante. Umenipa heshima kubwa. Nataka nikuulize. Hii sahani sasa ni yangu?"

"Ni yako."

"Yangu kabisa? Ninaweza kuifanyia nitakavyo?"

Mzee akanyoosha koti. "Mgeni hapangiwi."

"Basi ninampa aliyepika."

Akageuka, akatembea hatua tano mpaka penye nguzo, akamkabidhi Yunisi.

Yunisi aliipokea sahani kwa kuwa ilisukumwa mikononi mwake, akabaki ameishika kama iliyotoka motoni. Alimtazama shemeji yake. Ua mzima ukamtazama mzee Zefania.

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa maneno yake, na kila mtu alisikia akijifunga. Bega lake moja likaanza kutikisika, na la pili likafuata. Alikuwa anacheka.

"Haya," alisema. "Kula, shemeji. Mwenye mali amesema."

Yunisi alichukua firigisi moja kwa vidole viwili. Miaka arobaini alikuwa akizipasua, akizimenya, akizichemsha na kuzihesabu. Akaitia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Watu walingoja, na yeye bado anatafuna.

Mwishowe akameza, akafikiri.

"Kumbe ngumu hivi?" alisema. "Miaka yote hii mnaringia kitu cha namna hii?"

Vigelegele vilivyopigwa nje ya ua vilifukuza ndege mashambani. Wanawake wa kikundi waliingia bila kukaribishwa, wanacheka mpaka wameshikana, na mmoja akataka aonje na yeye. Yunisi akamrudishia mzee sahani na tano zilizobaki, akamwambia achukue zake, yeye meno yake bado anayahitaji. Mzee alikaa mkekani kati ya wageni na kuzila moja baada ya nyingine, huku akiulizwa maswali kuhusu historia ya mvua.

Theodora aligundua kwamba machozi yanamtoka. Hakuyafuta.

Catherine alimwendea. Alisema ana miaka mingi anazunguka na watu wake, na mara nyingi wamefichwa mambo. Wamekula wali uliopikwa kwa mchuzi wa nyama wakaambiwa ni viungo. Hajawahi kukutana na mwenyeji aliyesimama mbele ya watu akasema nimewaficha.

"Kila mwezi," alisema. "Kuanzia mwezi ujao. Hapa hapa kwa mama huyu. Na mlenda huu huu, usibadilishwe kitu. Nimekula chakula cha nchi nyingi, lakini huu una ladha ambayo siijui. Ngoja nimuulize niandike."

Theodora alimkumbatia kabla hajajizuia. Bhargav, kitenge kiunoni, alianza kucheza peke yake, akakumbuka hali ya suruali yake, akaacha. Kwa Theodora kilichobaki kilikuwa kumpigia mama simu Mandewa na kumwambia pazia libaki pale pale. Alikuwa na kiu. Alikimbilia jikoni kuchota maji kwanza, anaimba.

Mtetea wa saba alikuwa amejikaribisha ndani. Alikuwa katikati ya jiko, anadonoa kitu sakafuni kwa bidii, anakisukuma, anakidonoa tena. Theodora aliinama amfukuze, akaona kinachodonolewa.

Lilikuwa gunzi la mahindi, linang'aa mafuta.

Akainua macho ukutani. Ungo ulikuwepo. Mwiko haukuwepo, na kibuyu nacho hakikuwepo. Kilikuwa mezani, kimegeuzwa mdomo chini juu ya kikombe, kimeachwa kichuruzike kama kinavyoachwa kibuyu kilichomiminwa chote. Chupa ya alizeti ilikuwa palepale alipoiweka, imejaa, kizibo hakijafunguliwa.

Nyama, maziwa, mayai, asali. Aliirudia hesabu yake kichwani, kidole kwa kidole. Samli hakuitaja. Na kwa mama yake mdogo samli haikuwahi kuwa maziwa hata siku moja. Samli ni samli.

Kata ya maji mkononi, Theodora alitoka mbio. Alifika mlangoni akamkuta Catherine ameketi, kidaftari magotini, penseli tayari, wageni wote wanane wamesogea kusikiliza, na Yunisi amesimama mbele yao, mkono juu, anahesabu kwa vidole kwa raha ya mwanamke aliyekula firigisi.

"Hakuna cha ajabu, mwanangu. Mlenda mkavu, moja. Karanga za kutwanga, mbili. Chumvi, tatu."

Na kidole cha nne kikaanza kuinuka.